Kompyuta Juu ya Kabati

Jicho la kushoto la Mathias Semboja lilianza vituko vyake siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya mke wa mtu.

Mke mwenyewe alikuwa Tatu, mkulima wa mahindi, na mumewe Abdi alikuwa nyuma yake kwenye foleni, kofia mkononi. Walikuja kwenye ofisi ya ushirika pale Chanika, mjini Handeni, kuhakikisha kwamba majina yao yameingia kwenye orodha ya mbolea. Mathias alikuwa karani kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kusikika akimtania hata muuza maandazi. Akalitafuta jina kwenye kompyuta, akaliona, akamgeukia Tatu amwambie. Kabla hajafungua mdomo, kope ya kushoto ikashuka yenyewe, ikapanda.

"Mama, jina lako lipo," akasema. Kope ikashuka tena.

Tatu akavuta mtandio akaziba mdomo. Abdi akavaa kofia yake polepole, kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Karani, unamwambia jina lipo, au kuna lingine unamwambia?"

"Jina tu, kaka yangu. Hili jicho linacheza lenyewe."

"Linacheza kwa wake za watu tu? Mbona mimi hujanikonyeza?"

Na hapo hapo, jamani, akamkonyeza. Foleni nzima ikaangua kicheko. Abdi akamshika mkewe mkono, wakatoka bila hata kuuliza kama jina lake yeye lipo.

Sasa tusimsingizie Mathias, wala tusilisingizie jicho. Mwenye kosa alikuwa amekaa juu ya kabati.

Kompyuta ile ililetwa miaka mitatu nyuma, na meneja wa ushirika, Bwana Mwinjuma, aliipokea kwa heshima zote. Aliona meza ni mahali pa hatari: chai humwagika, watoto wa wanachama hushikashika, panya wa ghala hupita. Akaamuru iwekwe juu ya kabati la chuma la droo nne lililosimama kushoto mwa meza ya karani, na mkewe akaifumia kitambaa chenye maua mekundu. Wakaguzi walipokuja kuhesabu mali za ofisi wakaikuta pale, wakaandika kwenye daftari la mali: "Kompyuta, moja, juu ya kabati la chuma." Wakagonga mhuri. Tangu siku hiyo kukaa juu ya kabati hakukuwa hiari tena, kulikuwa sheria.

Mathias akawa anafanya kazi hivi: kibodi mapajani kwa sababu waya uliishia hapo, kidevu juu, shingo kushoto, macho yameyakodolea maandishi madogo yaliyo karibu na dari. Mtu akiingia ghafla angedhani karani anaongea na mtu aliyepanda darini. Mwanzoni ilikuwa muda wa saa moja tu asubuhi, na mwingine kama huo mchana. Lakini ilipokuja amri kwamba wakulima wote elfu nne na mia mbili waingizwe kabla mwezi haujaisha, ikawa kutwa nzima. Macho yakaanza kuwasha, halafu yakakauka, halafu yakawa yanatoa machozi bila msiba. Bega la kushoto likawa zito kama la mtu aliyebeba debe la mahindi na hakuna wa kumtua.

Jumanne ile jioni, kwa aibu aliyotiwa na Abdi, Mathias akajikaza akaingia kwa meneja.

"Meneja, naomba tuishushe kompyuta mezani."

Bwana Mwinjuma hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu. Akafungua droo, akatoa daftari la mali, akaweka kidole kwenye mstari.

"Soma."

"Nimeshasoma, meneja."

"Soma kwa sauti."

"Kompyuta, moja, juu ya kabati la chuma."

"Haya. Wakija wakaikuta mezani wataandika nini? Wataandika kompyuta ya juu ya kabati imepotea, na hii ya mezani haijulikani ilikotoka. Utawajibu wewe?"

"Lakini shingo yangu, meneja."

"Shingo haimo kwenye daftari, Semboja. Andika barua, bodi itaijadili."

"Bodi inakaa lini?"

"Mwezi wa tisa, Mungu akipenda."

Ulikuwa mwezi wa tano.

Jumatano alfajiri shingo ikagoma kabisa. Mkewe Rhoda aliamka, akakaa kitandani akaanza kumhesabia mambo ya siku: sabuni imekwisha, kuku mweupe hajataga, viti vya wageni havitoshi. Mumewe alikuwa amempa kisogo.

"Baba Salome, nazungumza na wewe, wewe unatazama ukuta?"

"Imekwama."

"Nini kimekwama?"

"Shingo. Haigeuki."

Rhoda alikuwa mwanamke wa kuhakikisha mambo mwenyewe. Akapanda kitandani, akapita juu ya miguu ya mumewe mpaka upande wa ukutani, akainama amtazame usoni. Jicho likamkonyeza.

"Na wewe huna haya! Asubuhi yote hii?"

Alipoelewa kwamba si mahaba, akajishika kiuno. Kisha akakumbuka, akajishika kichwa.

"Mungu wangu! Na Jumamosi?"

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya posa. Watu wa Mashewa walikuwa wanakuja kumposa binti yao, Salome, mwalimu wa chekechea mwenye miaka ishirini na saba. Mchumba aliitwa Jacob, fundi wa kuchomelea vyuma pale Korogwe mjini. Salome alikuwa amemsubiri miaka minne: mwaka mmoja Jacob alisomesha mdogo wake, miwili akauguza baba yake, mmoja akamlilia. Sasa hakukuwa na kilichobaki kusubiriwa, ila shingo.

Nasema shingo kwa sababu kwenye ukoo wa Semboja siku ya posa baba wa binti hasemi neno. Msemaji ni kaka yake. Baba hukaa kimya kitini, na wageni husoma uso wake. Akiulizwa, akatikisa kichwa kwa kushusha kidevu, wamekubaliwa. Akigeuzia uso pembeni, wameambiwa waende zao, na hakuna kurudi kuuliza kwa nini. Dada mkubwa wa Mathias alikosa mume mzuri kwa namna hiyo hiyo, pale baba yao alipogeuka kumtazama mbuzi aliyeingia kwenye mihogo.

"Baba," alisema Salome, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alizunguka, akapiga magoti upande ambao baba yake aliweza kumwona. "Shangazi aliolewa?"

Shangazi hakuolewa, na wote walijua.

Basi nyumba ikaingia kwenye matibabu. Shingo ikakandwa kwa maji ya moto, ikachuliwa kwa dawa ya kuchua mpaka chumba kikawasha pua. Jirani mmoja akasema alale bila mto. Jirani wa pili akaleta mchi wa kinu, akasema uviringishwe begani mara saba, ukaviringishwa. Shingo ikabaki vile vile, ila sasa na ngozi imechubuka.

Alhamisi Mathias akapanda basi kwenda Korogwe, hospitali, kwa daktari wa macho aliyesifiwa sana. Kumbe alikuwa msichana wa umri wa Salome. Akammulika macho, akambonyeza bega mpaka akaruka.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Karani. Naandika kwenye kompyuta."

"Kompyuta imekaa wapi?"

"Juu ya kabati."

Daktari akaacha kuandika. "Kwa nini ipo juu ya kabati?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, daktari."

Msichana akavuta pumzi. Akamweleza taratibu kwamba jicho halina ugonjwa, limechoka. Akitazama juu kutwa nzima hapepesi, jicho linakauka, likikauka linajitetea kwa machozi na kwa kope kuchezacheza. Shingo nayo misuli imekaza kwa kukaa upande mmoja. Ashushe kompyuta, iwe mbele yake, usawa wa uso. Kila dakika ishirini atazame kitu cha mbali, asimame, anyooshe mabega.

"Na dawa?"

"Dawa ndiyo hiyo. Nitakupa matone ya macho na vidonge vya maumivu, lakini dawa ni hiyo."

Mathias aliona ameonewa. Ametoka Handeni mpaka Korogwe, amekaa kwenye benchi saa tatu, ili aambiwe ahamishe vyombo.

"Kufikia Jumamosi itakuwa imepona?"

"Jumamosi ipi?"

"Keshokutwa."

"Mzee wangu, umeitesa miaka mitatu. Ipe hata wiki mbili."

Wiki mbili hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni akili ya mtu aliyebanwa, na ikampeleka kwa wamachinga wa stendi, akanunua miwani myeusi, ile mikubwa ya vijana. Akarudi nayo Chanika usoni. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na uhakika kwamba Rhoda amempiga mumewe. Asubuhi yake gengeni mama mmoja akamsogelea Rhoda, akamnong'oneza kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa, "Shoga, ulitumia mwiko, au ule mchi?"

Jumamosi Rhoda akapanga sebule mwenyewe. Shingo ya mumewe inatazama kushoto na juu kidogo, basi kiti chake akakielekeza dirishani, na makochi ya wageni akayasogeza yote kushoto kwake. Mwili ukawa unatazama barabara, uso ukawa unatazama wakwe. Ukitazama kwa haraka, na ukiwa na roho nzuri, hukuona kasoro. Viti havikutosha, akalichukua kabati la zamani la mbao lililokufa milango, akalilaza, akatandika blanketi na khanga mpya juu yake, likawa benchi.

"Usivue miwani," alimwagiza mumewe. "Na wewe shemeji, wakiuliza, sema macho yanamuuma. Basi. Usiongeze neno."

Shemeji alikuwa Matayo, kaka mkubwa wa Mathias, msemaji wa ukoo, mtu asiyeweza kuomba chumvi bila utangulizi. Akasema ameelewa.

Wageni wakafika saa saba, watano. Kiongozi wao alikuwa Mikaeli, baba mkubwa wa Jacob, mtu mrefu mwenye koti la suti na bahasha ya posa mfukoni. Alikuwa na mkewe na ndugu wawili, na nyuma yao bibi mzaa baba wa Jacob, Bibi Grasiana, miaka sabini na nane, mdogo wa umbo, anayetembea akitanguliza bega. Wanne wakakaa makochini. Bibi akakataa makochi, akajichagulia lile benchi la kabati, akakaa akiwa amegeuka upande.

Salamu zikaenda, soda zikaenda. Matayo akatoa hotuba ndefu iliyopitia mababu wote wa pande zote mbili. Mikaeli akashukuru, kisha akakohoa.

"Nina swali dogo, mzee msemaji. Mwenye nyumba mbona amevaa miwani ya jua, na jua lipo nje?"

Rhoda akamtolea Matayo macho. Matayo akasimama, akashika kifua.

"Ndugu zangu, kwetu mkwe hatazamwi macho makavu. Ndugu yangu amevaa miwani kwa heshima yenu."

"Tumeipokea heshima," alisema Mikaeli. "Sasa aivue, tumekuja kuonana."

Kukataa kusingewezekana. Mathias akaivua. Macho yalikuwa mekundu, na la kushoto likitiririka machozi. Likamtafuta mtu wa kumwanzia, na Mungu apishe mbali, likamwangukia mke wa Mikaeli. Kope ikashuka, ikapanda. Yule mama akaweka soda chini.

Matayo, ambaye hajui kusimama akishaanza, akaendelea mbele. "Basi mwenye mtoto yupo. Posa imefika. Ndugu yangu, tunaipokea?"

Watu wote wakamtazama Mathias. Akakusanya nguvu zote alizojaliwa, akakaza meno, akajaribu kushusha kidevu. Maumivu yakampiga kutoka sikioni mpaka kwenye kiwiko. Kichwa hakikushuka. Kikaruka, kikageuka kushoto zaidi, kikawapita wageni, kikaenda kutazama kalenda ya ukutani.

Chumbani, nyuma ya pazia, Salome akaweka mkono mdomoni.

"Tumeelewa," alisema Mikaeli, akarudisha bahasha mfukoni.

"Hapana, jamani!" Rhoda akapiga kelele. "Ni shingo! Shingo yake imekwama tangu Jumatano!"

"Shingo nimeiona, mama. Na jicho lililomkonyeza mke wangu nimeliona pia. Shingo inatukataa, jicho linamtaka mke wangu. Nifuate lipi?"

Mathias maneno yalikuwa yamemjaa mpaka kooni. Alitaka kusema, lakini baba yake hakusema, wala babu yake, na Matayo alikuwa anamkazia macho asithubutu. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, na machozi aliyokuwa nayo sasa hayakuwa tena ya kompyuta.

"Mikaeli, kaa chini."

Ilikuwa sauti ya Bibi Grasiana. Mikaeli, na suti yake, akakaa. Bibi akainuka kwenye benchi, akageuka mwili mzima, maana kichwa chake nacho hakikugeuka peke yake, akaenda akasimama mbele ya kalenda, pale ambapo Mathias alilazimika kumwona. Wakatazamana. Jicho likamkonyeza. Bibi hakushtuka. Akanyoosha vidole viwili, akambonyeza juu ya bega, mahali penyewe hasa, na Mathias akaguna.

"Mashine yako ipo upande gani?"

Mathias akamtazama Matayo kwa pembe ya jicho. Matayo akatikisa kichwa kulia na kushoto: usijibu.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Kushoto, mama," alisema Mathias. "Juu ya kabati."

Matayo akakaa chini kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Semboja alikuwa amesema siku ya posa. Bibi Grasiana yeye alianza kucheka, kicheko cha kikohozi, mpaka akashika kiti.

"Mikaeli, umesahau nani alikulea? Mimi nilisimama kwenye mashine ya brashi miaka ishirini na mbili, kiwanda cha mkonge kule chini. Unalisha singa, zile nyuzi za mkonge, upande wa kulia, vumbi linakuja usoni, unageuka kushoto upate hewa. Sisi kina mama wa brashi tulijulikana hata kanisani. Padri yupo mbele, sisi wote tunatazama mlango. Alituhubiria mwezi mzima juu ya watu wenye haraka ya kwenda nyumbani!"

Hata mke wa Mikaeli akacheka, ingawa alijizuia.

"Na macho yalivyokuwa yanatucheza! Nyapara mmoja alijua tunamtaka wote, akanunua viatu vipya." Bibi akajifuta machozi. "Hii si dharau. Hii ni kazi. Ila nilijua ofisini watu wanakaa kwenye viti, hawapati ya kwetu. Kumbe."

"Basi posa imepokelewa?" aliuliza Matayo kwa matumaini.

"Bado. Kwa posa mdomo wake sikuuomba, na wako nimeusikia wa kutosha. Desturi yenu ni kichwa, na mimi nataka kichwa. Tutarudi baada ya wiki mbili. Kikitikisika, tunaoa."

"Na kisipotikisika, bibi?"

Lilikuwa swali la Salome. Alikuwa ametoka nyuma ya pazia bila kuitwa, jambo ambalo nalo halifanyiki.

Bibi akageuka mwili mzima kumtazama. Hakuwa anacheka tena. "Kisipotikisika, mjukuu wangu, nitajua baba yako anaiogopa ile mashine kuliko anavyokupenda wewe. Na nyumba ya namna hiyo sitaki Jacob aoe."

Wageni walipoondoka, Mathias alikaa kwenye benchi la kabati, akiwa bado na soda mkononi ambayo hakuweza kuinywa bila mrija. Lile neno la bibi lilikuwa limemwingia. Akafikiria bodi ya mwezi wa tisa. Akafikiria daftari, na mhuri, na kidole cha meneja. Miaka kumi na tisa hajawahi kumwambia meneja neno la pili baada ya kukataliwa la kwanza. Akapigapiga ubao alioukalia kwa vidole.

"Mama Salome, hapa nimekalia nini?"

"Si lile kabati la mama yako."

"Si limelala?"

"Limelala, ndiyo."

"Likilala bado ni kabati?"

"Sasa litakuwa nini, mbuzi?"

Mathias akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Rhoda akamsogelea, akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Jumatatu alifika ofisini saa moja kasoro, pamoja na Husna, mtunza fedha, mwanamke mwenye mikono ya kutwanga. Wakaitoa kompyuta. Wakalilaza kabati la chuma chali, droo zikitazama juu. Wakalisukuma mpaka mbele ya meza ya Mathias, likapiga kelele sakafuni mpaka mbwa wakabweka. Kisha wakaiweka kompyuta juu yake, juu ya droo yenye majalada ya zao la pamba ya miaka ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuyaulizia, wakaipandisha kwa vitabu viwili vya stakabadhi, wakaifunika kitambaa chenye maua mekundu. Mathias akakaa. Kioo kilikuwa mbele ya uso wake. Ilibidi akae akiwa amegeuza mwili, shingo ifike, lakini kilikuwa mbele.

Bwana Mwinjuma aliingia saa mbili, akasimama mlangoni, mkoba ukaning'inia.

"Semboja! Nilisema nini?"

Mathias akasimama. "Meneja, naomba daftari la mali."

Daftari likaja, kidole kikaja.

"Soma, meneja. Kwa sauti."

"Kompyuta, moja, juu ya kabati la chuma."

"Kompyuta ngapi?"

"Moja."

"Ipo juu ya nini?"

Bwana Mwinjuma akatazama. Akalizunguka kabati mara mbili. Akachuchumaa, akaligonga, likalia chuma. Akatafuta kwenye daftari mahali palipoandikwa kwamba kabati lisimame, akageuza ukurasa mbele na nyuma, hakupaona.

"Semboja," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "kumbe na wewe ni mtu wa namna hii?"

"Nina binti, meneja."

Meneja akafunga daftari. Akavuta ncha ya kitambaa cha mkewe kikae sawa, akaenda zake ofisini kwake, na ile barua ya bodi haikuandikwa.

Kuanzia siku hiyo Mathias alifuata maneno ya yule daktari kama mtoto. Kila dakika ishirini aliinuka, akatoka mlangoni, akatazama kilima cha mbali na kunyoosha mabega. Siku ya kwanza foleni ilinung'unika. Siku ya pili foleni ikageuka nayo kutazama kilimani, kujua karani anaona nini. Kufikia Ijumaa Bwana Mwinjuma mwenyewe alitoka, mikono nyuma, akatazama kilima pamoja na wanachama wake. Abdi alirudi kuuliza jina lake. Alisimama mbele ya karani dakika nzima akilichunguza lile jicho. Jicho likatulia. "Leo una adabu," alisema Abdi, akaenda kumwita mkewe.

Shingo haikupona kwa siku moja. Ilirudi kidogo kidogo, kila asubuhi Rhoda akiipima kwa kusimama pembeni ya kitanda: leo inafika kwenye kabati la nguo, leo inafika dirishani, leo, ahsante Mungu, inafika kwa mke. Lakini kushuka kidevu bado kuliuma, na usiku wa kuamkia Jumamosi ya pili hakuna aliyejua kama kichwa kitatikisika.

Wageni wakaja wale wale, wakakaa pale pale. Mikaeli alikuwa na bahasha yake. Matayo alikuwa ameapishwa na Rhoda kwamba hatazidisha maneno kumi, akayatumia yote kwa salamu. Salome safari hii hakukaa nyuma ya pazia, alisimama mbele ya hilo pazia. Na Jacob, ambaye kwa desturi haji, alikuwa nje kwenye pikipiki, amezima injini asikie.

"Ndugu yangu," alisema Matayo, "tunaipokea?"

Mathias hakuwa na miwani. Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe kama mtoto wa chekechea anayesubiri kuitwa jina. Akavuta pumzi. Shingo ikalia kwa ndani, kach, na Rhoda akafumba macho. Kidevu kikashuka. Kikagusa karibu na kifungo cha shati, kikakaa hapo, kikapanda. Kisha, kwa kuwa hakuamini, akarudia.

Rhoda akapiga kigelegele kilichofika barabarani, na pikipiki ikawashwa na kuzimwa na kuwashwa tena. Mikaeli akasimama kumpa mkono, mkewe akasimama. Watu walishangilia shingo zaidi ya posa, na Salome alikuwa analia huku amemkumbatia baba yake upande ule wa bega usiouma.

Kwenye benchi la kabati Bibi Grasiana alikuwa bado amekaa amegeuka upande. Mathias alimtazama, akamtikisia kichwa na yeye, kwa shukrani. Bibi akataka kumjibu. Akajaribu, kidevu kikatetemeka, kikakataa. Mashine yake ilikwishauzwa chuma chakavu zamani, na hakuna aliyewahi kuishusha wala kuigeuza kwa ajili yake. Akaacha kujaribu, akatabasamu, akamkonyeza.

Na Mathias Semboja, karani, mzee wa kanisa, mbele ya mkewe na wakwe wote, akamkonyeza bibi yule naye, safari hii kwa makusudi.